Sabuni Iliyonyimwa Usingizi

Ukimpa mkono Mama Dole, utauangalia mkono wake mara mbili. Vidole vinne ni vya mwanamke yeyote anayefua, anayepika na anayebeba mtoto. Dole gumba ndilo lenye mambo. Limepanuka kwenye ncha, limelainika kama limepigwa msasa, na kovu jembamba la waya limelikatiza katikati. Dole hilo limemlisha miaka kumi na minne. Na dole hilo hilo nusura limtoe kazini.

Anafanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni za miche. Kisikupe picha ya kiwanda cha mabango na mageti ya umeme. Ni majengo matatu yanayotazamana na uwanja wa saruji. La kwanza lina masufuria ya kuchemshia mafuta na magadi. La pili ni la wakata waya, yaani watu wanaopasua sabuni iliyoganda kwa waya mwembamba mpaka inakuwa miche. La tatu ndilo refu kuliko yote, lina madirisha pande zote mbili, na wenyewe huliita banda la kulazia.

Kulazia kwa sababu sabuni inalazwa. Mche ukitoka kwenye waya unapendeza, lakini ni mbichi. Ndani yake kuna maji, na ukali wa magadi haujatulia. Ukiufulia siku hiyo utatoa povu, halafu utakuunguza viganja na kuyeyuka kabla hujafika kwenye mashuka. Kwa hiyo unapangwa juu ya chaga, vipande vya mbao kama vile vya kitandani, unapitiwa na upepo, unageuzwa kila baada ya siku mbili, wiki tatu nzima. Kwenye ubao wa kila safu wanaandika kwa chaki: IMELALA, na tarehe. Wiki tatu zikitimia, mtu mmoja anapita akiibonyeza kwa dole gumba. Ikikubali, wanafuta na kuandika: IMEAMKA.

Mtu huyo zamani alikuwa mama mmoja mfupi waliyemwita Bibi Chaga. Hakujua kuandika. Kila boksi likijazwa, ndani yake huwekwa kikaratasi kwamba mali imekaguliwa, na pa kutia sahihi Bibi Chaga alichovya dole kwenye wino akabandika. Wateja wakazoea. Mtu akifika dukani hakutaja jina la kampuni, alisema, "Nipe ile ya dole."

Mama Dole alipoingia pale alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, amemaliza darasa la saba, ameajiriwa kufagia. Alikuwa na tabia moja: akifagia, anatazama. Alimtazama Bibi Chaga akibonyeza miche siku baada ya siku, mpaka bibi akachoka kutazamwa.

"Wewe mtoto, unanipiga picha?"

"Hapana, bibi. Naangalia dole linasimama wapi."

Bibi Chaga akamvuta mkono. "Haya, bonyeza huu. Sasa huo unabonyeza kengele au sabuni? Taratibu. Ubonyeze kama shavu la mtoto aliyelala. Ukiacha shimo, mwache aendelee kulala. Ukikukatalia, umeshaamka."

Alimfundisha miaka mitano. Siku mgongo ulipomkatalia kuinama, alimwambia mwenye kiwanda, mzee aliyekianzisha kwa sufuria moja, kwamba dole jipya limepatikana. Mzee hakuuliza cheti. Alibonyeza mche mmoja, akampa yule msichana mche mwingine, akamwuliza, "Huu je?" Akasema bado siku nne. Mzee akacheka, akaenda zake. Hivyo ndivyo alivyopata kazi, na hata alipoolewa na fundi rangi na kuzaa binti yake wa kwanza, hakuna aliyekumbuka kumwita kwa jina la mtoto. Alikuwa Mama Dole tu.

Kisha mzee akafariki. Watoto wake waliishi mbali, kila mmoja na shughuli zake. Wakaleta meneja.

Tuseme ukweli, meneja yule hakuwa mtu mbaya. Alifika kabla mlinzi hajamaliza chai yake, akasalimia kila mtu, viatu vyake vikameta. Ila mdomoni alikuwa na neno moja: robo. Kwake mwaka ulikuwa na vipande vinne vya miezi mitatu mitatu, na kila alichosema kiliishia kwenye kipande alichokuwa amekikalia. "Robo hii lazima tupande." "Hilo la robo ijayo, tuachane nalo." Haikupita wiki wakambandika jina, Bwana Robo. Kiongozi wa wakata waya, mwanaume mrefu asiyeweza kukaa dakika tano bila mzaha, na ambaye wote walimwita Mkata Waya, alisema, "Huyu hata nyumbani anapendwa kwa robo. Akitaka zaidi anaambiwa subiri ijayo."

Siku yake ya tatu Bwana Robo alikagua banda la kulazia peke yake, na daftari mkononi. Siku ya nne akaita mkutano uwanjani. Mama Dole alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka likizo ya uzazi, mtoto wake wa pili ana miezi mitano, na maziwa yalikuwa yanamchoma kifuani.

"Nimefanya kazi kampuni nyingi," alianza Bwana Robo. "Sijawahi kuona mahali ambapo mali imelala, wafanyakazi wanajua imelala, wanachukua chaki wanaandika imelala, halafu wanapita hapo kila siku na hakuna mwenye aibu. Nimehesabu. Safu thelathini na moja kati ya arobaini."

Watu wakatazamana. Mwenye biashara akisema mali imelala, ana maana imekosa mnunuzi, inakaa bure inakusanya vumbi. Wao pale walikuwa na imelala yao. Kikohozi kilimtoka Mkata Waya, na hakikuwa cha mafua.

"Bosi," alisema, "hiyo imelala siyo hiyo imelala."

"Kwani kuna imelala ngapi?"

"Mbili. Yako na yetu."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mama Dole hakucheka, alimwona yule mwanaume akibadilika shingoni. Akasogea mbele na kumweleza kwa upole: maji, magadi, upepo, wiki tatu, dole. Bwana Robo alimsikiliza mpaka mwisho. Alielewa, hilo Mama Dole aliliona machoni mwake. Lakini watu arobaini walikuwa wameshamcheka, na mtu aliyechekwa na watu arobaini hapendi kurudi nyuma.

"Asante, mama," alisema. "Lakini sabuni ni bidhaa, siyo mtoto mchanga. Mali ikikaa wiki tatu imelala tu, kwa chaki yenu au kwa chaki yangu. Kuanzia leo ni siku saba. Na hilo neno sitaki kuliona tena humu ndani. Andikeni TAYARI."

Wakafuta. Safu arobaini zote zikaandikwa TAYARI, pamoja na ile iliyotoka kwenye waya asubuhi hiyo hiyo na ilikuwa bado inatoa jasho.

Miche ya kwanza ya siku saba ilipotolewa, watu wote walisimama wakimngoja Mama Dole. Lori lilikuwa limewashwa, dereva anapiga piga mlango kwa kiganja. Alibonyeza mche. Dole likazama kama kwenye unga uliokandwa. Akabonyeza wa pili, wa tatu.

"Mama Dole, bandika tuondoke," alisema Mkata Waya, na safari hii hakutania. "Mimi nina watoto, wewe una mtoto mchanga. Umeambiwa, tumeambiwa, basi."

Alimfikiria mtoto wake kwa bibi yake nyumbani, na mumewe aliyekuwa hana nyumba ya kupaka rangi mwezi huo. Akachovya dole kwenye wino. Maboksi ishirini na nane. Alipomaliza alinawa mikono kwenye bomba la nje, akanawa tena, na wino ukabaki ule ule wa kila siku, lakini siku hiyo aliuona.

Tuseme na hili pia: robo ile ya kwanza ilikuwa ya sherehe. Sabuni ilitoka mara tatu ya zamani. Mche mbichi ni mzito kwa maji yake, ukiuweka kwenye mizani unapendeza. Malori yakapanga foleni. Watoto wa mzee wakapiga simu kupongeza, Bwana Robo akanunua soda kwa kila mtu, na hata waliomcheka wakakubali kwamba huenda mzee alikuwa anapoteza muda wake. Wanawake wanne waliokuwa wakigeuza miche wakaambiwa kazi yao imekwisha, kwani cha siku saba kinageuzwa cha nini. Miche ikarundikwa bila kuachiwa nafasi, nusu ya banda ikabaki wazi. Bwana Robo akaipangisha kwa mfanyabiashara wa matairi. Matairi yakapangwa mpaka kwenye madirisha, na upepo uliokuwa ukipita pale tangu enzi za mzee ukakosa pa kuingilia.

Mwisho wa mwezi kila mfanyakazi alipewa mche mmoja kwenda nao nyumbani, kama ilivyokuwa kawaida. Mama Dole alifika nao. Nyumbani mfuaji alikuwa mama mkwe wake, mwanamke wa maneno machache, aliyeona kuwa nepi za mjukuu wake haziwezi kufuliwa na mtu mwingine zikatakata.

Siku ya nne, Mama Dole akimbadilisha mtoto, aliona mapaja yamekuwa mekundu, yametutumka. Mtoto hakulia sana. Alikunja uso tu na kumtazama mama yake kama anayemwuliza swali. Mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini, mikono ameiweka magotini, viganja juu. Ngozi kwenye vidole ilikuwa inabanduka.

"Mama, mikono imefanya nini?"

"Haijafanya kitu. Imefua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulete ule mche." Akaenda ndani na kurudi na kile kikaratasi. Alikuwa amekiokota dukani, kwani mwenye duka alikuwa amefungua boksi mbele yake, naye alipenda kuonyesha watu dole la mkwewe. Alikiweka mapajani mwake akakinyoosha. "Mwanangu, mimi kusoma sijui. Lakini hiki naweza kukisoma. Hiki si wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Ulibonyeza?"

"Nilibonyeza."

"Ikakuambiaje?"

Mama Dole alimfunika mtoto. Mama mkwe hakungoja jibu. Aliinuka, akazimwagia nepi maji safi, akazisuuza mara ya tatu kwa vile viganja vyake, polepole, bila kulalamika. Ingekuwa afadhali angemsema.

Kesho yake asubuhi Mama Dole alimkabidhi mama mkwe mtoto, akafunga kitambaa kichwani na kwenda moja kwa moja ofisini. Mezani kwa Bwana Robo kulikuwa na rundo la vikaratasi vitupu.

"Umekuja wakati mzuri," alisema Bwana Robo. "Nataka uvibandike hivi vyote leo. Mia tano. Ili tusiwe tunakusubiri kila lori likija."

"Bosi, sitabandika."

"Unaumwa?"

"Mimi mzima. Sabuni ndiyo mbichi. Ikiamka nitabandika, hata elfu. Ikiwa bado, dole langu haliingii humo."

Bwana Robo aliweka kalamu chini. "Mama, unajua Jumatatu ya kila wiki ninapigiwa simu na watu wangapi? Watatu. Kila mmoja ananiuliza wiki hii imetoka ngapi. Hakuna anayeniuliza imelala ngapi. Ukikaa kwenye kiti hiki na wewe utapunguza siku."

Kwa mara ya kwanza Mama Dole alimwonea huruma. Aliona macho yake yalivyokuwa yamechoka, na simu iliyolazwa kifudifudi mezani ili asiione ikiwaka. Lakini huruma ni kitu kimoja, na viganja vya mama mkwe ni kitu kingine.

"Wakiuliza imetoka ngapi, waambie na imerudi ngapi," alisema.

"Hakuna iliyorudi."

"Itarudi, bosi. Bado iko njiani."

Alihamishwa siku hiyo hiyo. Akapelekwa nyuma ya jengo la kwanza kuosha mapipa ya mafuta, kazi ya kuinama kutwa. Wengine walidhani ataacha. Hakuacha. Alikuwa na uhakika fulani tumboni, kama wa mama anayejua homa ya mtoto itapanda saa ngapi na itashuka saa ngapi.

Na vikaratasi? Bwana Robo alikuwa mtu wa suluhisho. Alimpelekea mtengeneza mihuri kikaratasi kimoja cha zamani, na baada ya siku mbili akaleta dole la mpira lenye mpini wa mbao. Likawekwa kwenye mnyororo pale stoo. Sasa mtu yeyote akipita, hata dereva, anagonga: pa, pa, pa. Mkata Waya akaliita Mama Dole Mdogo. "Huyu ndiye mfanyakazi anayependwa," alisema. "Hanyonyeshi, hali, na hakatai."

Robo ya pili ilikuwa bado haijafika nusu alipokuja Mama wa Jumla, mwanamke mnene mwenye duka kubwa la jumla, aliyekuwa akichukua sabuni zao tangu enzi za Bibi Chaga. Hakwenda ofisini. Alizunguka nyuma kwenye mapipa, mche mmoja ameushika kwa ncha za vidole kama aliyeokota kitu barabarani. Mche ulikuwa umekauka vibaya, umepinda kama ndizi, umepasuka katikati na kutoa unga mweupe.

"Shoga yangu," alisema, "mimi na wewe tumegombana lini?"

"Hatujagombana."

"Basi hii nini? Wanunuzi wananirudishia nusu mche wananiambia nimeukata. Mmoja kanionyesha mikono yake mbele ya watu dukani. Nikawaambia haiwezekani, dole lipo. Nikatoa kikaratasi, hiki hapa. Si dole lako hili?"

Mama Dole alifuta mikono, akakichukua. Akamwomba na vingine. Mama wa Jumla alikuwa navyo sita kwenye mkoba. Akavipanga juu ya pipa.

"Angalia. Vyote vinafanana, mstari kwa mstari. Wino umekolea pale pale, umekosa pale pale. Dole la mtu halitui mara mbili sawasawa. Halafu langu huwa linalalia kushoto, kwa sababu nashika boksi kwa mkono ule mwingine. Hili limesimama wima kama askari." Akaweka kidole kwenye kimoja. "Hili la mpira, mwenzangu. Ila yale ya mizigo ya mwanzo, mpaka siku niliyokataa, yalikuwa yangu. Hilo nakuomba radhi."

Mama wa Jumla alivikusanya vikaratasi mkobani. "Umekonda," alisema. "Siku likirudi dole lenyewe, nitumie salamu. Kabla ya hapo mguu wangu hamtauona."

Baada yake wakafuata wengine. Maboksi yalianza kurudi, kwanza mawili mawili, halafu kwa lori. Pa kuyaweka hapakuwepo, nusu ya banda ina matairi. Yakapangwa uwanjani. Bwana Robo alisema yatauzwa kwa bei ya chini robo ile ile, kwa hiyo hakuna haja ya turubai. Mvua ikanyesha siku mbili. Siku ya pili mchana povu likaanza kutoka chini ya maboksi, likajaa uwanjani, likapita chini ya geti na kuteremka mtaani jeupe, taratibu, mpaka kwa fundi viatu. Watu wakatoka kutazama. Mmoja akauliza kwa sauti kama kiwanda kinajifua. Mkata Waya, aliyekuwa na neno la kila jambo, alisimama getini povu limemfika vifundoni, akilirudisha ndani kwa ufagio.

Bwana Robo hakulala usingizi, hilo lazima asemewe. Alibadilisha karatasi ya kufungia, akaweka picha ya maua. Akapunguza mafuta, akaongeza maji. Akapunguza watu, kumi, kisha kumi tena. Kila alichofanya kilisaidia wiki moja na kuumiza inayofuata. Mwisho wa robo ya tatu alipata kazi kampuni nyingine, na barua aliyopewa ilieleza jinsi alivyoongeza mauzo mara tatu ndani ya miezi mitatu. Haikuwa uongo. Iliishia pale tu kwenye robo ya kwanza. Siku ya kuondoka alipita kwenye mapipa.

"Mama, ulisema itarudi," alisema.

"Nilisema, bosi. Safari njema."

Wiki iliyofuata akaja binti wa mzee, mtoto wa mwisho, mwanamke wa makamo aliyevaa viatu vya kutembelea. Alikuja kuangalia kama kuna cha kuuza. Masufuria, labda, na kiwanja. Alizunguka majengo yote, akafika nyuma kwenye mapipa, na pua yake ikanusa kitu.

"Hii harufu naijua," alisema. "Baba akirudi nyumbani alikuwa ananukia hivi. Banda lenyewe sasa linanuka matairi. Huku inatoka wapi?"

Mama Dole alisogeza mapipa mawili. Nyuma yake kulikuwa na chaga saba, zimewekwa ukutani, upepo unapita. Juu yake kulikuwa na vipande vya sabuni, vile vya mwisho wa mche ambavyo hurudishwa kwenye sufuria. Mkata Waya alikuwa akimpa kila wiki bila kuuliza. Ukutani kwa chaki: IMELALA, na tarehe. Chaga mbili za mwisho: IMEAMKA.

"Hizi ni za nani?"

"Si za mtu, dada. Nilikuwa nazilaza mikono isisahau. Na za kufulia nepi." Akachukua kipande kimoja cha chaga ya mwisho, akakigonga kwenye pipa. Kililia, ko. Akampa. "Bonyeza."

Binti alibonyeza. Kipande kikamkatalia. Akabonyeza tena, na macho yake yakawa ya mtoto wa mzee.

"Niambie ungefanya nini," alisema. "Ndugu zangu wanataka tuuze kabla ya mwisho wa mwezi."

"Matairi yatoke. Madirisha yafunguliwe. Wale mama wanne wa kugeuza waitwe. Sufuria moja tu inatosha. Na wiki tatu tusiuze kitu."

"Wiki tatu bila kuuza?" Binti alitikisa kichwa. "Na nyingine tatu, na nyingine tatu? Ndiyo maana yule meneja alikataa. Kampuni haiwezi kuwa inasubiri maisha yake yote."

Hapo Mama Dole alicheka, kicheko chake cha kwanza mahali pale tangu mwaka uanze.

"Dada, tunasubiri mara moja tu. Tunalaza leo, tunalaza kesho, tunalaza keshokutwa. Zikitimia wiki tatu inaamka ya leo. Siku inayofuata inaamka ya kesho. Ukishaanza, kila siku kuna inayolala na kila siku kuna inayoamka. Yeye aliona wiki tatu kila akitazama banda, akadhani ni wiki tatu kila mara. Baba yako alisubiri mara moja, miaka thelathini iliyopita, basi akamaliza."

Binti wa mzee alikaa juu ya pipa, na nguo zake nzuri hivyo hivyo. Alipiga simu tatu pale pale. Mama Dole alirudi kwenye kuosha, hakutaka kusikiliza, ingawa alisikia. Simu ya tatu ilikuwa ndefu. Mwisho binti alisema, "Basi sehemu yangu ya urithi iwe haya majengo, na sufuria moja. Hayo mengine uzeni."

Kwa hiyo usidhani kila kitu kilirudi. Masufuria makubwa yaliondoka kwa lori. Kati ya watu arobaini walibaki kumi na wawili, na Mama Dole anawakumbuka wote walioondoka, anajua nani kapata kazi wapi na nani bado. Lakini matairi yalitoka, upepo ukaingia, mama wanne wakarudi na kanga zao kiunoni, wakaanza kugeuza kama hawakuwahi kuondoka. Mkata Waya alikata miche ya kwanza akaibeba mwenyewe mpaka bandani. Akamshikisha Mama Dole chaki.

"Andika lile neno letu," alisema. "Na safari hii mkutano usiitishwe."

Dole la mpira binti aliuliza lifanyiwe nini. Mama Dole akaenda nalo nyumbani, akampa binti yake wa miaka sita, na kwa wiki nzima kila kitu kilikuwa kimekaguliwa: ukuta, madaftari, kibuyu cha maji, na tumbo la mdogo wake. Mama mkwe, mikono yake imeshapona, alikuta alama kwenye mto wake. Aliitazama. "Hili halilalii kushoto," alisema, akageuza mto upande wa pili.

Siku ya kumi na nane Mama wa Jumla akatokea getini na gari.

"Salamu nimezipata," alisema. "Nasikia harufu kutoka barabarani. Nipakilie arobaini."

"Njoo Jumanne."

"Shoga, Jumanne ni siku tatu. Gari nimelikodi, limesimama hapo. Siku tatu zitaifanya nini sabuni?"

Binti wa mzee alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi. Huyu alikuwa mteja wao wa kwanza tangu waanze upya, tena mkubwa kuliko wote. Alimtazama tu Mama Dole. Mkata Waya aliacha kukata.

Mama Dole alimshika Mama wa Jumla mkono, akampeleka mpaka safu ya kwanza. Alilichukua dole la yule mama akaliweka juu ya mche. "Bonyeza taratibu. Shavu la mtoto." Dole likaacha shimo dogo, dogo sana, kama kishimo cha kucheka. Mama wa Jumla alilitazama, kisha akamtazama mwenzake, akaguna.

"Jumanne asubuhi au mchana?"

"Asubuhi. Itakuwa imeamka."

Jumanne gari lilifika mapema. Mama Dole alikuwa ameshapita, ameshagonga, miche imelia ko, ko, safu nzima. Alifuta neno la zamani kwa kiganja, akaandika jipya. Kisha akachovya dole kwenye wino, akashika boksi la kwanza kwa mkono wa kushoto, na kubandika. Mama wa Jumla akakitoa kikaratasi kabla hakijakauka, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama kwa jicho moja.

"Limelalia kushoto," alisema, na kumwita dereva apakie.